Mazoezi kabla ya upasuaji: hoja za daktari Scarlett McNally

Mtu akipangiwa upasuaji, nyumbani huambiwa: "Kaa utulie, usijichoshe." Scarlett McNally, daktari bingwa wa upasuaji wa mifupa kutoka Eastbourne, kusini mwa Uingereza, anasema kwa wagonjwa wengi huo ni muda wa kujiandaa.

Ni nani?
Amekuwa mjumbe wa baraza la Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Upasuaji cha England, na pia rais wa shirikisho la madaktari wanawake la Uingereza.

Ripoti ya 2015
McNally aliongoza uandishi wa ripoti ya vyuo vya madaktari wa Uingereza iliyoyaita mazoezi tiba ya ajabu. Ilieleza kwamba dakika 30 za mazoezi, siku 5 kwa wiki, hupunguza uwezekano wa kupata magonjwa ya moyo, kiharusi, kisukari, maradhi ya kupoteza kumbukumbu na baadhi ya saratani kwa angalau asilimia 30.

Mazoezi gani?
Si lazima uwe na vifaa. Kutembea haraka, kuendesha baiskeli, kulima na kuchota maji vyote vinahesabika. Kipimo ni rahisi: mapigo ya moyo yaongezeke, uweze kuzungumza lakini ushindwe kuimba. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafikishe dakika 150 hadi 300 za kiwango hicho kwa wiki.

Kwa nini kabla ya upasuaji?
Upasuaji huupa moyo na mapafu kazi ya ziada. Baadaye, kulala kitandani muda mrefu kunaweza kuleta damu kuganda miguuni na nimonia. Aliyejiandaa huinuka mapema na kupona vizuri zaidi. Kuacha sigara nako husaidia sana.

Tahadhari: mwenye maumivu ya kifua, mfupa uliovunjika au anayeishiwa pumzi haraka aulize kwanza kwa daktari.

Na wahudumu wa afya?
McNally anatetea pia mazingira bora ya kazi hospitalini: watu washirikiane kama timu, unyanyasaji ukome, na ratiba ziwaruhusu wenye watoto kuendelea na kazi na masomo. Jambo hili linamgusa mgonjwa moja kwa moja. Muuguzi aliyekesha bila kupumzika hukosea kwa urahisi, na asiye na muda hawezi kukaa na mgonjwa amweleze namna ya kujiandaa. Ushauri wa mazoezi unahitaji mtu mwenye nguvu za kuutoa.

Ukipangiwa upasuaji, uliza:
- Nifanye mazoezi gani hadi siku hiyo, na kwa muda gani?
- Kuna jambo nisilopaswa kufanya?
- Baada ya upasuaji, nitaanza kutembea lini?

Andika majibu, au nenda na ndugu wa kukusaidia kukumbuka.