Neno Mtoro na Daftari la Shule

Juma hili naomba tulitazame neno moja ambalo walimu wa shule za msingi hatuishi kuliandika, na ni nadra kulifikiria. Neno lenyewe ni utoro. Mimi ni mwalimu wa malezi na ushauri nasaha katika shule moja ya mkoa wa Tanga. Kazi yangu, ukiiondolea majina makubwa, ni kujua mtoto gani ana shida, shida hiyo inatoka wapi, na nani nyumbani kwake anaweza kusaidiwa ili mtoto naye apate nafuu. Katika kazi hiyo chombo changu cha kwanza si kitabu cha sheria wala semina. Ni daftari la mahudhurio.

Daftari hilo lina neno lake, na neno hilo lina historia ndefu kuliko shule yenyewe. Katika karne ya 19 hapa pwani, mtoro alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Watoro walikwenda bara, wakajificha msituni, wakajenga vijiji vyao wenyewe. Fuladoyo, nyuma ya Malindi, kilikuwa kimojawapo katika miaka ya 1880. Ukimwita mtu mtoro umekwisha kutoa hukumu. Umesema kwamba yuko mwenye mali aliyekimbiwa, kwamba kosa ni la aliyeondoka, na kwamba dawa ni kumrudisha alikotoka. Alikuwa anakimbia nini? Neno lenyewe haliulizi.

Pale Rabai, karibu na Mombasa, palikuwa na misheni iliyoanzishwa na Krapf mwaka 1846. Katika miaka ya 1880 watoro wengi walikimbilia hapo, na aliyekuwa akiwahudumia ni William Jones, Mwafrika ambaye naye alipata kuwa mtumwa, akakombolewa na kulelewa India kabla ya kurudishwa pwani ya Afrika. Wenye watumwa walidai watu wao. Wakubwa wa misheni nao walikuwa na wasiwasi, kwa kuwa kupokea watoro kulikuwa kunawagombanisha na wenyeji wenye nguvu. Mwaka 1888 ugomvi ukapamba moto, na mwishowe George Mackenzie wa kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki akaamua kuwalipa mabwana fidia. Tarehe 1 Januari 1889 watu wapatao 1,400 wakapewa hati zao za uhuru hapo Rabai. Angalieni fidia ilikwenda kwa nani. Aliyekimbiwa alilipwa, aliyekimbia alipewa karatasi. Hata hivyo Jones alikuwa amekwisha kuonyesha jambo moja, kwamba mtu akija mbio mlangoni pako unaweza kumpokea kwanza, na maswali yakafuata.

Tanganyika iliufuta utumwa kisheria mwaka 1922, lakini neno halikustaafu. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya serikali ya Kiingereza juu ya mabwana na watumishi wao, na chini yake mfanyakazi aliyeacha kazi kabla ya mkataba wake kwisha aliweza kushtakiwa kama mhalifu. Huku kwetu kwenye mkonge wazee wanaikumbuka kadi ya kipande: siku 30 za kazi, uzitimize ndani ya siku 42. Manamba aliyeondoka kabla ya wakati aliitwa nani? Mtoro. Pengine alikuwa mgonjwa, pengine alipata habari ya msiba kwao. Kipande hakikuwa na nafasi ya kuandika hayo.

Basi shule zilipoenea, neno lilikuwa tayari linangoja. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliamua watoto wote waingie shule mapema kuliko ilivyopangwa awali, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikamfanya mzazi asiyempeleka mtoto kuwa mkosaji. Sisemi sheria ile ilikuwa mbaya. La hasha! Ni wengi tunaozungumza leo kwa sababu mwenyekiti wa kijiji alikwenda kugonga mlango wa baba zetu. Ila ilituachia mazoea ya kuhesabu vichwa, na kila kichwa kilichokosekana kiliandikwa utoro. Halafu ikaja miaka ya ada na michango. Mtoto anarudishwa nyumbani kufuata fedha, nyumbani fedha hakuna, anaona haya kurudi mikono mitupu, anakaa wiki mbili, na daftari linamwandika mtoro. Shule imemfukuza kwa mkono mmoja na kumshtaki kwa mkono wa pili. Ada za shule za msingi ziliondolewa mwaka 2001, na waraka wa mwaka 2015 ukasisitiza tena elimu bila malipo. Lakini kila mwalimu anajua kwamba sare iliyochanika nayo inamfukuza mtoto.

Nieleze sasa jinsi daftari linavyosomwa na mtu mwenye kazi kama yangu. Siangalii jumla ya siku. Naangalia ni siku zipi. Msichana mmoja wa darasa la tano alikuwa hayupo kila Jumatano na kila Jumamosi ya masomo ya ziada. Hizo zilikuwa siku za gulio. Mama yake aliuza ndizi, na mtoto mchanga hakuwa na wa kumshika. Hapo hapakuhitajika polisi wala mtendaji wa kata. Palihitajika bibi wa nyumba ya tatu, ambaye alikubali kukaa na mtoto kwa mkungu mmoja wa ndizi kila juma. Mvulana mwingine alikosa Jumatatu tu. Baba wa kambo alipokea ujira wake Jumamosi, akanywa hadi Jumapili usiku, na Jumatatu mtoto alikuwa na uso usiofaa kuonekana na watu. Hiyo ilikuwa habari nyingine kabisa. Nilikwenda kwa afisa ustawi wa jamii siku ile ile, na mama yake nilizungumza naye kisimani, si nyumbani, kwa sababu nyumbani asingeweza kujibu.

Hao wote wawili wangechapwa. Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, viwe kwa kosa kubwa, kwa idhini ya mwalimu mkuu, na viandikwe kitabuni. Lakini mwenye macho anajua yanayofanyika kwenye mstari wa asubuhi. Mtoto aliyekosa siku moja kwa sababu ya kipigo cha nyumbani anaogopa kipigo cha shuleni, kwa hiyo anakosa ya pili. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka 2009 ulikuta kwamba karibu robo tatu ya vijana wa kike na wa kiume walipata kupigwa au kuumizwa mwilini kabla ya kutimiza miaka 18, na walimu walitajwa miongoni mwa waliowapiga. Karibu wasichana watatu katika kila kumi, na mvulana mmoja katika kila saba, walifanyiwa ukatili wa kingono. Takwimu hizo zilipotangazwa mwaka 2011 nilijiuliza ni wangapi kati yao waliandikwa watoro.

Na wako ambao daftari liliwafuta kabisa. Kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba aliondolewa shule, na wazazi wengi, kwa kuepuka aibu na kesi, walimtoa wenyewe kimya kimya. Kwenye taarifa hakuwa mjamzito, alikuwa mtoro. Aliyempa mimba, mara nyingine mtu mzima anayefahamika kijiji kizima, hakuandikwa popote. Sheria ya makosa ya kujamiiana ilikuwapo tangu 1998, yenye kifungo cha miaka 30, lakini sheria haiwezi kumkamata mtu kwa neno utoro. Tangazo la Novemba 2021, lililoruhusu wasichana hao kurudi shule baada ya kujifungua, lilibadili mengi. Tulirudishiwa wawili. Mmoja alikaa mwezi mzima bila kuinua mkono darasani. Ilibidi mama yake aje kuketi nami mara tatu kabla hajakubali kumnyonyeshea mjukuu kwa maziwa ya chupa saa za masomo.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye habari za mtoto anayeteswa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa. Mwalimu ni mwanajamii mwenye habari kila asubuhi, saa mbili kasoro, kalamu mkononi.

Shuleni kwetu tulikubaliana, baada ya mabishano marefu na walimu wenzangu ambao wana vipindi vingi na darasa la watoto zaidi ya 90, kwamba neno utoro lisiandikwe kabla mtu hajafika nyumbani kwa mtoto au kutuma mtu wa kuaminika. Fomu ya mwisho wa mwezi haikubadilika. Bado ina safu moja tu ya utoro. Mimi huijaza kama inavyotakiwa, halafu huambatanisha karatasi yangu nyuma yake. Mwezi uliopita karatasi hizo zilikuwa nne.