Masikio yanapovuma: Tiba ya sonona yasaidia wapi?

Mvumo wa masikio, ambao wataalamu huuita tinitasi, ni hali ya mtu kusikia mlio, ngurumo au mluzi usiotoka popote nje ya mwili wake. Si ugonjwa wenyewe bali ni dalili. Huweza kuletwa na uzee, nta iliyoziba sikio, kelele za muda mrefu au baadhi ya dawa.

Mjini Mbita, Kaunti ya Homa Bay, vyanzo hivyo si vigeni. Mvuvi anayeketi kila siku kando ya injini ya mashua na msagaji anayeshinda kwenye mashine ya posho wote huhatarisha masikio yao. Aidha, eneo hilo la Ziwa Victoria limesumbuliwa na malaria tangu jadi, na kwinini, iliyotumiwa kwa miongo mingi kutibu malaria kali, hujulikana kwa kuvumisha masikio. Kwa kawaida mvumo huo hukoma dawa inapoachwa. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza sindano ya atesuneti badala ya kwinini kwa malaria kali.

Mvumo usiokoma huwanyima wengi usingizi, hasa usiku kukiwa kimya. Kukosa usingizi huleta wasiwasi, nao wasiwasi huufanya ubongo uusikilize mvumo zaidi. Baadhi ya wagonjwa hatimaye hupatwa na sonona. Ndiyo maana madaktari walizijaribu dawa za sonona, zikiwemo amitriptilini na nortriptilini.

Matokeo hayakuridhisha. Mapitio ya taasisi ya Cochrane ya mwaka 2012, yaliyochunguza majaribio sita, hayakupata ushahidi wa kutosha kwamba dawa hizo hupunguza mvumo. Mwaka 2014 chama cha madaktari wa masikio, pua na koo nchini Marekani kiliwashauri wanachama wake wasizitoe kama tiba ya kawaida ya mvumo. Hata hivyo, mgonjwa mwenye sonona anastahili kutibiwa sonona yake, na dawa hizo zina nafasi hapo.

Tiba nyingine ya sonona imefaulu zaidi: tiba ya mazungumzo ya kurekebisha fikra na mienendo, iliyoasisiwa na Dkt Aaron Beck wa Marekani katika miaka ya 1960. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2020, yenye majaribio 28, yalionyesha kuwa tiba hiyo hupunguza adha ya mvumo. Sauti huenda isitoweke, lakini mtu hujifunza kuishi nayo bila hofu.

Upungufu wa wataalamu ndio kikwazo kikuu vijijini. Hata hivyo, ng'ambo ya ziwa, katika wilaya za Masaka na Rakai nchini Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa watu wasio madaktari, wakifunzwa, waweza kutibu sonona kwa mazungumzo ya vikundi. Tiba hiyo ilikuwa ya aina nyingine na haikuhusu masikio, lakini inathibitisha kuwa huduma ya mazungumzo yawezekana vijijini.

Anayesumbuliwa na mvumo aanze kwa kupimwa masikio na kumweleza mhudumu wa afya dawa zote anazotumia, wala asiache dawa ya kifua kikuu kwa uamuzi wake. Asiazime amitriptilini ya jirani, kwani ikizidi kipimo hudhuru moyo. Mvumo wa sikio moja, unaofuata mapigo ya moyo au unaoandamana na uziwi wa ghafla, wahitaji daktari bila kuchelewa. Vivyo hivyo kwa yeyote anayewaza kujiua.