Kioo cha Duka na Yule Niliyemkata

Najua nimekuwa kimya tangu wiki ya testi, hadi wengine mnaniuliza kwenye vimbweta kama nimehama chuo. Sijahama, nipo. Kilichonifunga mdomo ni picha moja ya dirisha la duka, na leo nataka niitolee maelezo. Ila nitapita njia ndefu, kupitia Paris ya miaka ya 1920. Mnatujua watu wa historia, hatuwezi kueleza jambo la juzi bila kurudi nyuma miaka mia.

Kwanza kisa chenyewe. Mwaka jana, baada ya bumu kuingia, nilikuwa nazunguka mjini na kamera ya kuazima. Nikafika kwenye duka moja la nguo. Nyuma ya kioo kulikuwa na midoli mitatu imevalishwa suti za harusi, bei zimeandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye vipande vya boksi. Nikapiga. Nilipokuja kuiangalia hosteli nikaona kioo kimebeba na mtaa wote wa mgongoni kwangu: nyaya za umeme, nusu ya daladala, na pembeni kushoto, mzee mmoja fundi viatu ambaye alikuwa anakaa barazani ng'ambo ya barabara. Nikasema huu uchafu. Nikakata pande zote mpaka ikabaki midoli mitatu safi. Nikahifadhi juu ya ile ile ya mwanzo, nikalala.

Mwezi uliopita nimepita tena pale, baraza tupu. Binti anayeuza vocha jirani akaniita, "Kaka, si wewe ulikuwa unapiga picha hapa?" Nikamwambia ndiyo. Akasema baba yake, yule fundi, alifariki, na nyumbani hawana picha yake hata moja akiwa kazini, je, sikuwahi kumpiga? Jamani. Nilikuwa nimempiga bila kujua, halafu nikamkata kwa kujua. Nikamjibu "nitaangalia, dada," nikaondoka haraka kama mtu anayedaiwa.

Sasa twende Paris.

Alikuwepo mzee mmoja anaitwa Eugène Atget. Alizaliwa mwaka 1857 huko Libourne, kusini magharibi mwa Ufaransa, akawa yatima akiwa mdogo. Aliwahi kuwa baharia, akajaribu uigizaji, akashindwa kutoka kimaisha. Mwishoni mwa miaka ya 1880 akaingia kwenye kupiga picha, na mlangoni akaweka kibao kinachosema anauza picha za rejea kwa wasanii. Yaani mchoraji akitaka kujua mlango wa zamani unafananaje, au mti, au ngazi, anakuja kwa Atget kununua picha. Maktaba na makumbusho ya mji nayo yalinunua. Hakujiita msanii. Alijiona mtu wa kuweka kumbukumbu za Paris ya zamani, ambayo ilikuwa inabomolewa mbele ya macho yake.

Vifaa vyake vilikuwa mzigo wa punda: kamera kubwa ya mbao, stendi ya miguu mitatu, na mabamba ya kioo ya sentimita 18 kwa 24. Alibeba vyote hivyo mitaani, mara nyingi alfajiri. Na hapa kuna jambo la kiufundi ambalo ndilo lililonigusa. Atget hakukuza picha. Alilaza bamba la kioo moja kwa moja juu ya karatasi, akaviweka juani, na picha ikatoka ukubwa ule ule wa bamba. Kwa hiyo kilichoingia kwenye bamba ndicho kilichotoka kwenye karatasi. Ukitazama picha zake utaona hata pembe za juu zimekuwa nyeusi, kwa sababu lenzi haikufika kote, na kwenye kingo kuna alama za vishikizo vya bamba. Mtu mwingine angekata hayo yote. Yeye akayaacha.

Mwaka 1912 alipiga duka la kuuza mikanda ya kubana kiuno ya akina mama, Boulevard de Strasbourg. Halafu mwaka 1925, akiwa mzee wa miaka 68, akaenda Avenue des Gobelins akapiga madirisha ya maduka ya nguo. Ndani kuna midoli ya kiume imevaa suti, imetabasamu, na vibao vya bei vimening'inia. Juu ya nyuso zao na suti zao inapita taswira ya miti, na ya jengo kubwa la ng'ambo ya barabara, kile kiwanda maarufu cha mazulia ya ukutani cha Gobelins. Huwezi kusema hapa duka limeishia wapi na mtaa umeanzia wapi. Mdoli mmoja ana tawi la mti kifuani.

Kwa nini inatokea hivyo? Si uchawi. Kioo cha kawaida kinarudisha kama asilimia 8 ya mwanga unaokipiga. Mchana mtaani kuna mwanga mwingi kuliko dukani, kwa hiyo hiyo asilimia 8 inatosha kushindana na kilichomo ndani. Na inaonekana zaidi pale ambapo ndani ni peusi: suti nyeusi ni ubao mzuri wa kuandikia mtaa. Ndiyo maana yule fundi wangu alionekana vizuri kabisa, alikuwa ameangukia kwenye koti jeusi la bwana harusi.

Watu wa biashara walilijua tatizo hili mapema. Marekani mwaka 1897, mjini Chicago, L. Frank Baum alianzisha jarida la wapamba madirisha ya maduka, likiitwa The Show Window. Baum huyu ndiye yule aliyekuja kutoa hadithi ya mchawi wa Oz mwaka 1900. Mwaka huo huo alitoa na kitabu cha kufundisha kupamba madirisha. Sasa picha ya dirisha kwa mpambaji ina kazi moja tu, kuonyesha bidhaa zimepangwaje ili mwenzake aige. Mtaa hautakiwi. Ukitaka kuufuta mtaa unatundika kitambaa cheusi nyuma ya kamera, au unasubiri usiku taa za duka zikiwaka, kisha unakata kingo mpaka libaki dirisha peke yake. Siwalaumu, kwa kazi yao hiyo ni sawa. Lakini picha ya namna hiyo inakuambia tu kile ambacho mwenye duka alitaka ukione. Inakuwa tangazo la pili juu ya tangazo la kwanza.

Ya Atget inakuambia na kile ambacho mwenye duka hakukipanga. Kwa mwanafunzi wa historia hapo ndipo pa kukaa. Kila siku mhadhiri anatuambia tusome hati kinyume na nia ya aliyeiandika: ripoti ya mkoloni kuhusu kodi inakuonyesha, bila kukusudia, nani aligoma kulipa. Taswira kwenye kioo ni kitu hicho hicho. Ni shahidi ambaye hakuitwa mahakamani lakini alikuwepo.

Basi bwana, kukata hakufanyiki kwa mkasi tu. Mtaa aliokaa Atget, rue Campagne-Première, alikuwa anakaa pia kijana wa Kimarekani, Man Ray, rafiki wa wale wasanii wa ndoto, wasurealisti. Akanunua picha kadhaa kwa mzee. Juni 1926 jarida lao la La Révolution surréaliste likaweka kwenye jalada picha ya Atget ya mwaka 1912: umati wa watu Place de la Bastille wameinua macho wanatazama kupatwa kwa jua. Lakini wakaibandika kichwa kipya kinachohusu watu wanaoongoka kidini. Kupatwa kwa jua kukatoweka, umati ukawa unatazama muujiza. Na jina la Atget halikuwekwa, kwa ombi lake mwenyewe, maana kwake hizo zilikuwa kumbukumbu tu. Hakuna aliyegusa kingo za picha, lakini maana imekatwa. Niliposoma hili nikajua kwamba hata nisingekata kitu, kuandika tu chini ya picha yangu "suti za harusi" kungemfuta yule mzee.

Atget alifariki Agosti 1927. Miezi michache kabla, Berenice Abbott, kijana aliyewahi kuwa msaidizi wa Man Ray, alikuwa amempiga picha mzee huyo. Alipompelekea akakuta ameshafariki. Mwaka uliofuata Abbott akanunua mabamba na picha zilizobaki, maelfu, akazipeleka New York, na akazihangaikia kwa miaka 40 hivi mpaka Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York ilipozinunua mwaka 1968. Bila huyo dada, mimi na wewe tusingeijua Avenue des Gobelins.

Sasa msije mkasema nahubiri kwamba kukata ni dhambi. Kuna Walker Evans. Huyu alizisoma picha za Atget na kuziandikia mwaka 1931. Mwaka 1936, mjini Savannah, Georgia, akapiga dirisha la studio ya picha: zaidi ya picha 200 ndogo ndogo za nyuso za wateja zimepangwa kwa safu, na juu yake neno STUDIO kwa herufi kubwa. Kila aliyekulia karibu na studio ya mtaani hapa kwetu analijua dirisha kama hilo, kuna bibi harusi, kuna mtoto wa siku arobaini, kuna jamaa kakaa kwenye kiti cha kuzunguka na simu isiyo na waya. Evans akalijaza dirisha lote kwenye fremu, hakuna ukuta wala barabara. Na kukata kwake kunasema kitu: mji mzima umejipanga pale, nyuso tupu, bila mtaa wa kumjulisha nani tajiri na nani maskini.

Evans alikuwa mkataji haswa. Maonyesho yake ya mwaka 1938 kwenye makumbusho hiyo hiyo ya New York aliyapanga usiku wa kuamkia ufunguzi, akipunguza picha kingo na nyingine akizibandika moja kwa moja ukutani. Picha moja ilionekana hivi kwenye kitabu na vile ukutani. Tofauti yake na mimi ni ndogo lakini ndiyo yote: picha zake nyingi alizopiga akiwa kwenye kazi ya serikali, kuanzia 1935, negativu zake zipo Maktaba ya Bunge la Marekani. Unaweza kwenda kuona alichokata. Mimi nilikata shina.

Na yupo Lee Friedlander, ambaye miaka ya 1960 alifanya kile ambacho wote tunakikwepa: aliacha kivuli chake na taswira yake mwenyewe ibaki kwenye vioo vya maduka, akatoa kitabu kizima cha picha za namna hiyo mwaka 1970. Akiwa mzee akarudi kwenye midoli ya madirisha ya New York, kitabu kikatoka mwaka 2012. Midoli imebeba maghorofa vifuani. Karibu miaka 90 baada ya Gobelins, kioo bado kinafanya kazi ile ile.

Nikiyaweka pamoja, dirisha la duka lina picha mbili kwa wakati mmoja: ile aliyoipanga mwenye duka, na ile iliyojipanga yenyewe mgongoni kwako. Ukikata unachagua mojawapo. Tatizo ni kwamba unachagua leo, na thamani inahama kesho. Suti zile za harusi bado zipo dukani, bei imepanda tu. Kilichokuwa hakipatikani tena ni ile pembe ya kushoto.

Kwa hiyo nimejiwekea utaratibu, na yeyote mwenye kamera namsihi auchukue. Picha ya kwanza haiguswi, unakata nakala. Kabla ya kukata unaandika pembeni, kwa maneno, ni nini unaondoa: nyaya, daladala, mzee fundi viatu. Ukishaandika jina la kitu, mkono unakuwa mzito kidogo kukifuta. Na tarehe na mtaa vinaandikwa siku hiyo hiyo.

Jana nilirudi pale mjini. Sikuwa na picha ya kumpa, ila niliona nimdanganye mpaka lini. Nikamweleza yule dada kila kitu, nikamwonyesha ile midoli mitatu. Nilitegemea anikasirikie. Akaishika simu, akaivuta picha ikawa kubwa, akaangalia muda mrefu. Kisha akaonyesha kwa ukucha kwenye bega la koti jeusi, pale pembeni kabisa nilipokata. Kuna kitu kama kivuli kidogo cha duara.

"Hii ni kofia yake," akasema.

Nimemtumia.