Mlango wa Kurudi

Fanani wa Kiswahili haingii katika ngano bila kubisha hodi. Husema “Paukwa!”, akangoja aitikiwe “Pakawa!”, na mwishoni hutangaza kuwa hadithi yake imeishia hapo. Wajapani nao huanza na “mukashi mukashi”, yaani hapo zamani za kale, na hufunga kwa “medetashi medetashi”, kwamba mambo yameishia heri. Wazee wa pande zote mbili walijua kwamba msikilizaji aliyepelekwa mbali kwa maneno hana budi kurudishwa.

Kurudi huko kumo pia ndani ya visa vyenyewe. Katika Spirited Away, filamu ya anime, yaani katuni ya Kijapani, ya Hayao Miyazaki ya mwaka 2001, Chihiro, binti wa miaka 10, anapita kwenye handaki na kutokea katika ulimwengu wa mizimu. Wazazi wake wanakula chakula kisicho chao, wanageuka nguruwe. Mchawi Yubaba anamnyang’anya jina na kumtumikisha katika nyumba ya kuogea. Nusu karne kabla yake, katika Adili na Nduguze (1952), Shaaban Robert alisimulia ndugu wawili waliogeuzwa manyani na jini Huria kwa kumtenda uovu ndugu yao Adili, naye Adili akaamriwa awachape kila usiku.

Pande zote mbili, tamaa imewageuza jamaa wanyama, na mzigo umemwangukia aliyebaki mtu. Chihiro anaubeba kwa kufanya kazi na kulishika jina lake. Adili kwa subira na huruma. Mwishowe, wazazi na ndugu wanarudishiwa umbo lao. Hakuna anayeachwa ugenini.

Hata hivyo, kijana aliyemaliza chuo na hajapata ajira anapokesha na anime, huambiwa anayakimbia maisha. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Mwaka 2012 mtafiti Frode Stenseng wa Norwei na wenzake walitofautisha anayejitosa katika burudani ili nafsi yake ipanuke na anayejitosa ili asiyahisi machungu yake. Wa kwanza huongeza furaha. Wa pili huahirisha maumivu. Katuni yaweza kuwa ileile, lakini haja zao ni mbili.

Ninachohofia zaidi ni namna tunavyotazama. Simu huanzisha sehemu inayofuata kabla iliyopita haijatua moyoni, wala hakuna sauti inayotamka kuwa hadithi imeishia hapo. Kwenye ngano palikuwa na bibi, na wenzako wa kuulizana nao: ungekuwa wewe, ungefanyaje?

Kijana mwenzangu, tazama anime bila aibu, kwa maana ni fasihi yenye mafunzo. Lakini sehemu ikiisha, weka simu chini, mtafute mtu umsimulie ulichokiona, kisha mwambie hali yako ya kweli. Mlango wa kurudi sasa ni wajibu wako kuufungua.