Simama Kama Mti

Msinicheke, washikaji. Mimi mtoto wa Kariakoo, niliyekulia kwenye kelele za mikokoteni na wapiga debe, nimeanza yoga. Rafiki yangu mmoja alinivuta hadi kwenye kijiukumbi huko Upanga. Siku ya kwanza mwalimu akasema: inua mguu mmoja, bandika wayo kwenye paja, unganisha viganja, simama kama mti. Nikayumba, nikadondoka puu! Nikabaki kujiuliza, mti gani?

Maana kwetu mti ni jina tu. Uwanja wa Mnazi Mmoja Waingereza waliuacha wazi makusudi, uwe mpaka: huku Uhindini, kule Uswahilini. Nyasi zilikuwa ukuta. Na Kariakoo ni Carrier Corps iliyotafunwa na ndimi zetu, wale wapagazi wa jeshi la Mwingereza walioweka kambi hapa baada ya mji kutekwa mwaka 1916. Jina zima la mizigo, halina hata jani.

Rafiki yuleyule akaniazima kitabu juu ya Wakelti. Kumbe Ireland, kando ya chemchemi zinazoheshimiwa, watu hufunga vipande vya nguo kwenye miti. Kitambaa kikioza, maradhi nayo yanakwisha. Brigid, mwenye chemchemi nyingi za namna hiyo, tangu 2023 ana sikukuu ya taifa zima, mapema Februari. (Si kila kinachoitwa cha Kikelti ni cha kale, jamani. Ibada nyingine alizitunga Mwelshi mmoja, Iolo Morganwg, akazizindua London mwaka 1792.)

Nikakifunga kitabu. Vitambaa vile nilishaviona! Bibi yangu wa Kisarawe alinipeleka kwenye mbuyu nikiwa na miaka kumi hivi. Vitambaa vyeupe, vyekundu, na kaniki. Ubani kwenye kigae. Niliporudi mjini nikasimulia darasani. Mwalimu akasema huo ni ushenzi, darasa zima likaangua kicheko. Tangu siku hiyo, Bibi akiniita twende mzimuni, nasingizia tumbo.

Lakini mambo haya hayakuwa ya kuchekwa. Wazaramo walitembea kwa miguu hadi milima ya Uluguru, kwenye mzimu wa Kolelo, kuomba mvua. Mwaka 1905 neno la Kolelo lilizunguka Uzaramo pamoja na habari za vita. Kule Ngarambe, Kinjikitile alikuwa akigawa maji, na Wajerumani hawakucheka hata kidogo: Agosti mwaka huohuo walimnyonga Mohoro. Shuleni tulikariri vita na tarehe. Maji yenyewe, na mto, na kwa nini mkulima aliyelimishwa pamba kwa nguvu aliyaamini, tuliruka.

Basi Mwirishi anapewa siku ya mapumziko kwa ajili ya chemchemi yake, mimi nasingizia tumbo!

Mwezi uliopita nilipanda basi la Kisarawe, nikiwa na mkeka wa yoga kwapani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Tumbo limepona?"

Nikainamisha kichwa. Nikamwomba anipeleke kwenye mbuyu. Akanitazama kitambo, kisha akauliza kama nimekuja na kitambaa. Sikuwa nacho. Akaingia ndani, nikamsikia akichana kaniki.