Nguvu ya Taji Iko Usoni

Mwaka 1903 Charles Land, daktari wa meno wa Detroit, Marekani, alianzisha taji la kauri tupu la kufunika jino lililoharibika. Alilifinyanga jani jembamba la platini kwa umbo la jino lililochongwa, akalipaka unga wa kauri uliolowa, akauchoma tanuruni, kisha akalibandua jani. Taji lilipendeza, rangi yake ikikaribia ya jino lenyewe. Tatizo ni kwamba lilivunjika upesi, na mara nyingi ufa ulianzia upande wa ndani, usioonekana.

Kwa nini ndani? Jibu lilitoka mbali na meno. Huko Farnborough, Uingereza, kwenye taasisi ya utafiti wa ndege, A. A. Griffith alitaka kujua kwa nini mkwaruzo mdogo hudhoofisha chuma. Akajaribu kwa kioo. Akavuta nyuzi za kioo nyembamba kuliko unywele, na zile nyembamba kabisa zikahimili mvuto mara 20 hivi ya ule wa kioo cha kawaida. Katika makala yake ya 1921 alieleza kwamba kioo cha kawaida kimejaa nyufa ndogo mno, na nguvu inayokivuta hukusanyika kwenye ncha ya ufa mpaka ufa ukimbie. Kauri nayo iko hivyo: ikibanwa hustahimili, ikivutwa hupasuka. Mtu anapotafuna, taji hubanwa juu na kuvutwa ndani. Kwa maoni yangu hakuna ugunduzi uliowafaa mafundi wa meno kuliko huu, ingawa Griffith hakuwa akiwawazia wao.

Mwaka 1965 John McLean na T. H. Hughes, wa Uingereza, waliimarisha kiini cha taji kwa chembe za alumina. Baadaye ikaja zirkonia, kauri ya aina nyingine, na hapo mambo yakageuka. Mwaka 1975 Garvie, Hannink na Pascoe, huko Australia, walionyesha kwamba ufa unapotaka kupenya kauri hiyo, fuwele zilizo kwenye ncha yake hubadili umbo na kuvimba kwa asilimia kama 4, zikaubana ufa.

Je, mchubuko wa usoni, kwa kuziamsha fuwele hizo, ungeweza basi kuongeza nguvu? Mwaka 1999 Tomaž Kosmač na wenzake, Ljubljana, Slovenia, walijaribu. Zirkonia iliyosagwa kwa almasi ya chembe nene ilipungua nguvu. Iliyopigwa kwa chembe za alumina zinazorushwa na hewa iliongezeka, kwa kuwa uso wake ulijibana wenyewe.

Habari hiyo njema haikukaa peke yake. Mwaka 2004 Yu Zhang, Brian Lawn na wenzao waliibana kauri iliyopigwa kwa chembe hizo tena na tena, kama mtafunaji afanyavyo, wakaona makovu madogo yaliyoachwa na chembe yakiipunguzia nguvu kadiri mibano inavyorudiwa. Kuchonga nako huacha makovu; ndiyo maana daktari anayelichonga taji kidogo ili likae sawa na jino linalokutana nalo hulilainisha upya, akianza na kijiwe chenye chembe nene na kumalizia na laini kabisa, kabla ya kumruhusu mgonjwa ainuke kitini.