Kache si akiba: Kosa la istilahi lililomgharimu mwanafunzi wangu

Wahenga walisema akiba haiozi. Mwaka 2008 nilijifunza kwamba akiba ikiwekwa na mtaalamu wa lugha asiyeelewa anachokitafsiri, huoza, tena upesi sana.

Wakati huo idara yetu ilikuwa imepata kompyuta chache zenye mfumo wa Windows Vista, uliowafikia wanunuzi wa kawaida Januari 2007. Mfumo wenyewe ulihitaji kumbukumbu kubwa kuliko iliyokuwa katika mashine zetu. Unabofya faili, unaenda kunywa chai, unarudi, bado inafunguka!

Fundi mmoja kijana akatuonyesha mbinu. Alichomeka flashi, kile kifaa ambacho baadhi ya walimu hukiita kinyonyi na wengine diski mweko, kisha akateua huduma iitwayo ReadyBoost. Mashine ikachangamka kidogo.

Mwanafunzi wangu wa uzamili aliyekuwa akiandikia tasnifu yake hapo akauliza, "Mwalimu, sasa hiyo flashi inafanya nini?"

Nami, kwa ile jeuri ya uprofesa, nikamjibu, "Kompyuta inaweka humo akiba ya kazi yako." Nilikuwa nimesikia neno 'cache' kutoka kwa fundi, nikalitafsiri papo hapo.

Alinielewa kama Mswahili yeyote angenielewa. Akiba ni kitu ulichotunza ili kikufae kesho. Majuma mawili baadaye, diski ya mashine hiyo ilipokaribia kujaa, alifuta sura ya tatu ya tasnifu, akamwaga na yaliyokuwa katika pipa la taka, akachomoa flashi akaenda zake. Huko nyumbani alikuta faili moja kubwa, ReadyBoost.sfcache, ambayo hakuna programu iliyoweza kuifungua.

Alirudi ofisini kwangu ameishika flashi mkononi. "Mwalimu, si ulisema ni akiba?" Sikuwa na la kusema.

Ni nini hasa kilichokuwa kikitendeka? Diski ngumu ya zamani ina sahani inayozunguka, na kichwa cha kusomea lazima kisogee hadi pale data ilipo. Vipande vidogo vya data vikitawanyika, kukifikia kila kimoja huchukua takriban milisekunde 10. Flashi haina kinachozunguka, na hukifikia kipande kama hicho kwa muda wa milisekunde 1 hivi.

Kwa hivyo Vista ilinakili vipande vidogo kwenye flashi ili ivichukue humo kwa haraka. Faili ndefu zinazosomwa mfululizo iliendelea kuzichukua katika diski, maana kwa kazi hiyo diski iliishinda flashi. Tena si kila flashi iliyokubaliwa: ilipaswa kuwa na nafasi ya angalau megabaiti 256 na kutimiza kasi fulani. Nakala hizo zilisimbwa ili mwokotaji wa flashi asizisome.

Jambo kuu ni kwamba zilikuwa nakala tu. Ukiichomoa flashi hupotezi chochote, mashine inarudi tu kwenye mwendo wake wa kobe. Lakini ukifuta kilicho kwenye diski, umefuta asili.

Mfano mzuri uko pale langoni mwa chuo. Mhadhiri huacha kurasa za kitabu kwenye kibanda cha fotokopi ili wanafunzi wasipange foleni maktabani. Kibanda kikiungua, kitabu kipo. Maktaba ikiungua, usitegemee kibanda kikurudishie kitabu kizima. Kibanda ni kache, maktaba ndiyo akiba.

Baada ya aibu ile niliamua kufuatilia historia ya maneno haya. Mwaka 1965 Maurice Wilkes wa Chuo Kikuu cha Cambridge alichapisha makala mafupi kuhusu kumbukumbu ndogo yenye kasi inayoitumikia kubwa isiyo na kasi. Yeye aliiita kumbukumbu 'mtumwa'. Neno 'cache' lilipata umaarufu mwaka 1968, jarida la kampuni ya IBM lilipoeleza muundo wa kompyuta ya System/360 Model 85.

Waingereza nao walikuwa wamelikopa neno hilo kwa Wafaransa, ambao kwao 'cacher' ni kuficha. Wasafiri na wawindaji walilitumia kwa maficho ya chakula njiani. Lilifaa, kwa sababu mwandishi wa programu haioni kache ikifanya kazi. Dhana iliyobebwa ni ya kufichika, wala si ya kudumu.

Neno 'flash' nalo lina kisa chake. Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba nchini Japani ndiye aliyevumbua kumbukumbu hiyo miaka ya 1980. Mwenzake, Shoji Ariizumi, alipendekeza jina hilo kwa kuwa data ilivyofutika kwa mkupuo ilimkumbusha mmweko wa kamera. Waliotupa 'diski mweko' walilenga shabaha barabara!

Nakumbuka hamasa ya miaka ile. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kimetoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini kwa Kiswahili, na sote tulitaka kila neno la kompyuta lipate ndugu wa Kibantu au wa Kiarabu. Hamu hiyo ni njema. Hata hivyo, istilahi ni ahadi kwa mtumiaji. Ikimwahidi usalama usiokuwapo, afadhali neno la mkopo lisiloahidi kitu mpaka lielezwe. Ndiyo maana leo nasema kache, na wingi wake kache.

ReadyBoost yenyewe imepitwa na wakati. Diski za siku hizi zimeundwa kwa kumbukumbu ya flashi zenyewe, na matoleo ya Windows yaliyofuata Vista yalipoona diski ina kasi ya kutosha hayakukubali hata kuiwasha huduma hiyo. Lakini kosa langu lingali hai. Katika baadhi ya simu zilizowekwa Kiswahili, agizo bado ni 'futa akiba'. Jirani yangu, mama mtu mzima, simu yake imejaa hadi haipokei picha za wajukuu, na hataki kuligusa agizo hilo. "Prof, nifute akiba yangu kweli?" huniuliza.

Mwanafunzi wangu aliiandika upya ile sura kutoka kwa rasimu ya karatasi niliyokuwa nimeisahihisha kwa kalamu nyekundu, akahitimu mwaka uliofuata. Rasimu ile iliyokuwa imelala kabatini mwangu, hiyo ndiyo akiba.